Kompyuta ya baiskeli kwa mwenye miwani ya kusomea

Wenzangu wa barabarani wakizungumzia kompyuta za baiskeli huanza na satelaiti. Mimi nilianza na miwani. Nimeshavuka miaka arobaini na mitano, na maandishi madogo yameanza kunikimbia. Ofisini sina shida, miwani ya kusomea iko puani tangu asubuhi, maana mimi ni mhasibu na kazi yangu yote ni namba. Barabarani siivai. Nikiivaa naisoma skrini vizuri, lakini lori linalokuja mbele linageuka ukungu. Kwa hiyo baiskeli mpya ilipofika, sikujiuliza kwanza kifaa cha kufunga kwenye usukani kina usahihi gani wala kina kumbukumbu kiasi gani. Nilijiuliza kama nitakisoma.

Swali hilo lilinirahisishia mambo. Liliondoa vifaa vingi kwenye orodha kabla sijafika kwenye sifa zile ambazo watengenezaji hupenda kuzipigia debe.

Baiskeli yenyewe ni ya njia za changarawe: usukani uliopinda kuelekea chini, breki za diski, tairi za 700 kwa 40. Ile ya zamani ilikuwa ya magurudumu ya inchi 26 na ilikuwa na kimita kidogo cha waya. Sumaku inakaa kwenye spoki, kihisi kinakaa kwenye uma wa mbele, na kila sumaku inapopita, kimita kinahesabu mzunguko mmoja na kuuzidisha kwa mzingo wa gurudumu uliouingiza mwenyewe. Hakina satelaiti, betri yake ya kidonge unaisahau kabisa, na ukikipa mzingo sahihi kinapima umbali vizuri kuliko watu wanavyodhani. Shida ni hapo kwenye kukipa. Tairi ya inchi 26 kwa 2.0 ina mzingo wa milimita 2,055 hivi. Ya 700 kwa 40 inafika kama 2,200. Ukikihamishia kwenye baiskeli mpya bila kubadilisha namba hiyo, kilomita 100 zitasomeka 93 na ushei. Utajiona umezeeka ghafla.

Nilikipenda kimita kile, na kama ningekuwa nimenunua baiskeli ya kuendesha barabara zilezile ningekihamisha na kumaliza habari. Lakini baiskeli ya changarawe nimeinunua ili niingie kwenye njia nisizozijua, na huko sumaku haikuambii ugeukie wapi.

Sasa simu. Kila mtu huuliza: kwa nini usifunge simu tu? Skrini yake ni kubwa kuliko ya kompyuta yoyote ya baiskeli, ina ramani, na tayari unayo. Nimeitumia hivyo, na kwa kwenda kazini na kurudi inatosha kabisa. Lakini skrini ya simu inashindana na jua kwa kuongeza mwanga wake, na mwanga huo unakula betri na kuipasha moto simu. Ikishachemka inajipunguzia mwanga yenyewe, yaani inafifia saa ileile unapoihitaji. Kioo kikilowa jasho, kidole kinagusa hapa na ramani inakwenda kule. Halafu kuna mtikisiko. Mwaka 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba mitetemo mikali ya injini za pikipiki zenye nguvu, ikipitia usukani, inaweza kudhoofisha kamera ya iPhone. Baiskeli haina injini, lakini changarawe nayo si mchezo. Hata hivyo hoja iliyonimaliza mimi ni nyingine: nikianguka, simu ndiyo ya kuniitia msaada. Sitaki iwe kitu cha kwanza kugonga ardhi. Yangu hukaa mfuko wa nyuma wa jezi, imetulia.

Turudi kwenye macho. Skrini za kompyuta hizi ziko za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko picha za matangazo zinavyoonyesha. Aina ya kwanza inang'aa yenyewe kama simu. Rangi zake zinapendeza, ramani inaonekana kama kitabu cha picha, na ukiwa dukani ndani ya nyumba ndiyo inayokuvuta. Aina ya pili ina kioo kinachotumia mwanga unaokipiga: jua linaingia, linarudishwa, na maandishi meusi yanasimama juu ya weupe. Chini ya taa ya dukani inaonekana imepauka na ya kizamani. Itoe nje saa sita mchana uone inavyokuwa. Kadiri jua linavyozidi ndivyo inavyosomeka. Kwa kuwa haihitaji kuwasha taa yake mchana kutwa, inakula betri kidogo. Unaliona jambo hilo hata ndani ya kampuni moja. Edge 1040 ya Garmin, yenye skrini ya aina hii ya pili, ilitangazwa kuwa na saa 35 za matumizi ya kawaida. Edge 1050 iliyoifuata mwaka 2024 ikawekewa skrini angavu inayong'aa, na saa zikashuka hadi 20. Wapo waliofurahia mabadilishano hayo. Mimi simo.

Nilivipima vifaa kwa njia yangu. Kutoka machoni mwangu hadi kwenye usukani, nikiwa nimekaa kwenye tandiko na mikono iko juu ya vishikio vya breki, ni umbali wa mkono ulionyooka na zaidi kidogo. Basi kila kifaa nilichoazima kwa wenzangu nilikifunga mahali pake halisi, nikavua miwani, nikatoka juani, nikageuza macho mbele kisha nikayatupa chini kwa muda wa kufumba na kufumbua. Nikishindwa kusema mwendokasi ni ngapi, kifaa kimefeli. Ukirudia kukitazama mara ya pili umejidanganya, kwa sababu kwenye mteremko wa changarawe hakuna mara ya pili.

Kipimo hicho kilinionyesha kwamba ukubwa wa skrini si hoja ya peke yake. Skrini ya inchi 3.5 yenye visanduku kumi vya namba ni mbaya kwangu kuliko ya inchi 2.2 yenye visanduku vitatu. Kinachohesabika ni urefu wa tarakimu, unene wa mistari yake, na weusi wake dhidi ya weupe wa nyuma. Vifaa vingi hukuruhusu kuchagua idadi ya visanduku, ila mpangilio huo unaufanya nyumbani, na ukishatoka ndiyo umetoka. Hapo ndipo Wahoo waliponipata. Kompyuta zao za Elemnt zina vitufe viwili ubavuni mwa kulia, cha juu na cha chini: ukibonyeza kimoja visanduku vinapungua na vilivyobaki vinakua, ukibonyeza kingine vinarudi. Unapanga orodha yako kwa umuhimu, cha kwanza kikiwa juu, na skrini inakata kuanzia chini. Nikiwa kwenye lami tulivu naona sita. Nikiingia kwenye mawe nabonyeza, nabaki na viwili vinavyoonekana hata na bibi yangu.

Vitufe vyenyewe ni habari ndefu. Kuna ubishi wa kudumu kati ya watu wa kugusa kioo na watu wa kubonyeza. Garmin wameutatua kwa kuuza vyote: Edge 540 ni ya vitufe tu, Edge 840 ni mwili uleule ulioongezewa kioo cha kugusa huku vitufe vikibaki. Kwenye ramani kugusa ni raha, huwezi kubisha. Kuisogeza ramani kwa vitufe ni kazi ya subira. Lakini tulipokuwa tumenyeshewa na mwenzangu mmoja, kijana anayeniita shangazi ingawa hatuna undugu, niliona kifaa chake cha kugusa kikibadilisha kurasa chenyewe, matone yakifanya kazi ya vidole. Yeye anapangusa, mvua inagusa. "Shangazi, hebu niambie tumebakiza ngapi," akawa ananiuliza njia nzima. Sitakitaja kifaa chake, maana vipo vya kugusa vilivyo na kufuli ya kuzuia hilo, na chake kilikuwa cha miaka mingi. Ila glavu, jasho na vumbi vipo kila siku, na mimi nataka kitufe ninachokisikia chini ya kidole gumba bila kukitazama.

Kuhusu usahihi wa satelaiti nitasema kwa ufupi kuliko wanavyosema wengine. Satelaiti za GPS huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila moja inatangaza saa yake, na kifaa chako kinapima mawimbi yamechukua muda gani kufika. Kinahitaji angalau nne: tatu kwa ajili ya mahali na moja ya kusahihisha saa yake yenyewe, maana saa ya kifaa ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, tayari umekosea mita 300. Vifaa vya sasa husikiliza pia mifumo mingine: GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya, BeiDou ya China. Tofauti inayofaa kuulizia ni kama kifaa kinapokea masafa mawili badala ya moja. Mawimbi hugonga majengo marefu na kuta za miamba kabla ya kukufikia, na kifaa cha masafa mawili kinayatambua vizuri zaidi mawimbi hayo yaliyozunguka. Ukiendesha kati ya maghorofa au kwenye mabonde membamba utaona faida yake. Ukiendesha mahali pa wazi utaona mstari uleule.

Na ile hali ya kusimama nje ukisubiri kifaa kitafute satelaiti? Satelaiti hurudia taarifa za njia yake kila sekunde 30, kwa hiyo kifaa kisicho na taarifa hizo lazima kitulie kizisikilize. Kikiunganishwa na simu au Wi-Fi hupakua taarifa za siku zijazo mapema, ndiyo maana kilichosawazishwa jana usiku kinadaka haraka na kile kilichokaa kabatini kinakuweka getini.

Mwinuko sasa. Hapa kuna kitu ambacho wanunuzi wengi hawakiulizii na baadaye wanalalamika. GPS inajua mahali ulipo vizuri kuliko inavyojua kimo chako. Vifaa vizuri vina barometa ndani, na barometa inasoma kanieneo ya hewa: karibu na usawa wa bahari, ukipanda mita 8 hivi hewa inapungua kwa hektopaskali moja. Ndiyo maana inaweza kutambua hata daraja dogo umelipanda. Lakini hali ya hewa nayo inabadilisha kanieneo. Mchana ukianza na jua na kumalizika na dhoruba, nyumba yako inaweza kuonekana imehama makumi ya mita. Ukigeuza kifaa chako, tafuta tundu dogo, wakati mwingine mawili au matatu yamepangana chini au ubavuni. Hewa inapita hapo kwenda kwenye barometa. Tone la maji likiziba tundu hilo, mchoro wa mlima unakuwa bapa kama meza. Usichokonoe kwa sindano. Suuza kwa maji safi, kung'uta, acha kikauke.

Mwinuko una maana kwangu kwa sababu moja: kipengele cha kuonyesha mlima uliobaki. Garmin wanakiita ClimbPro, Wahoo wanakiita Summit. Ukipakia njia, kifaa kinajua milima yote iliyomo, na ukianza kupanda kinakuchorea mlima wenyewe, umbali uliobaki, na mteremko wa kila kipande kwa rangi. Nilikuwa nakidharau, nikikiona kitu cha wanamashindano. Nilipokitumia kwenye kifaa cha kuazima nikabadilisha msimamo. Mlima usioujua unakufanya utumie nguvu zote chini; mlima unaojua kwamba umebakiza mita 600 na kipande cha mwisho ni cha asilimia 9 unaupanda kwa mahesabu. Na mahesabu ndiyo kazi yangu.

Ramani ilinichukua muda mwingi kuliko yote, kwa sababu neno "ramani" kwenye maboksi linabeba vitu vitatu tofauti na muuzaji hakueleweshi. Vifaa vya chini kabisa vina mstari mtupu: njia uliyopakia inachorwa juu ya skrini nyeupe, na wewe ni mshale mdogo. Ukibaki juu ya mstari uko salama; ukitoka unajua umetoka, lakini hujui barabara gani itakurudisha. Daraja la pili ni ramani yenye barabara zilizochorwa, na kifaa kinakuambia "geuka kushoto baada ya mita 100", ila kwa njia uliyoipanga kabla tu. La tatu linapiga hesabu lenyewe: ukikosa kona, linatafuta namna ya kukurudisha bila simu. Mimi nilitaka la tatu. Kwenye njia za changarawe mtandao wa simu hukatika bila kukuaga.

Ramani hizo, karibu zote, zinatokana na OpenStreetMap, mradi ulioanza mwaka 2004 ambao mtu yeyote anaweza kuuhariri. Hilo lina uzuri wake na ubaya wake. Ubaya ni kwamba mahali ambapo hakuna aliyejitolea kuchora, kifaa cha bei mbaya na cha bei nzuri vitakuonyesha utupu uleule. Kabla ya kununua, fungua OpenStreetMap kwenye kompyuta yako na uangalie eneo unaloendeshea. Kama vijia unavyovijua havimo, hakuna kifaa kitakachoviongeza. Uzuri ni kwamba unaweza kuviongeza wewe. Nimeshachora kijia kimoja na kivuko chake cha miguu, na kwa kweli ninajivunia kuliko hesabu nyingi nilizofunga ofisini. Ila usitegemee kukiona kwenye usukani kesho yake. Lazima usubiri kampuni itoe toleo jipya la ramani, ndipo ulipakue.

Kuhusu mafaili ya njia, jambo moja litakuokoa. Faili ya GPX aghalabu ni orodha ya nukta tu, latitudo na longitudo. Mtu akikutumia GPX na kifaa chako hakina uwezo wa kuzioanisha nukta hizo na barabara, utapata mstari bila maelekezo ya kona. Faili za TCX na FIT zinaweza kubeba maelekezo yenyewe. Mimi hupanga njia kwenye programu ya simu nikiwa nimevaa miwani, kahawa iko pembeni, na kompyuta inaivuta yenyewe kupitia Wi-Fi.

Nilisoma tathmini nyingi na kutazama video nyingi zaidi. Kila mwamba ngoma huvutia kwake: anayeshindana anasifu uchambuzi wa mazoezi, anayesafiri siku nyingi anasifu betri, anayependa vitu vipya anasifu kitu kipya. Kampuni ya Coros walipotoa kompyuta yao ya Dura mwaka 2024, yenye paneli ya jua, walitangaza saa 120 za betri, na kwa muda kila aliyekuwa na kamera alizungumzia betri peke yake. Kwa anayevuka nchi kwa baiskeli hiyo ni sifa ya kweli. Safari yangu ndefu inaanza alfajiri na inaisha kabla jua halijazama, na usiku soketi ya umeme iko ukutani. Saa 17 zinanitosha, na hata zikipungua kwa sababu ya taa ya skrini na ya masafa mawili ya satelaiti, bado zinanitosha. Kitu nilichokazia ni tundu la kuchajia: nilitaka USB-C, ili waya mmoja uhudumie simu, taa na kompyuta. Vifaa vya miaka ya nyuma vina tundu dogo la mtindo wa zamani, na waya wake siku hizi unautafuta kwa tochi.

Hilo linanikumbusha waliotumika. Vipo vizuri, sikatai, na mfuko wa mtu una maamuzi yake. Lakini usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Betri ya ndani imezeeka na kwa vifaa vingi haibadilishwi kirahisi. Kiwashe, kiache kirekodi mchana kutwa, uone kinashuka kwa kasi gani. Angalia ukingo wa tundu la chaji kama una kutu ya kijani. Na kikiwa cha zamani sana, kitoe nje na utazame tarehe. Mfumo wa GPS huhesabu wiki kwa namba inayorudi sifuri kila baada ya wiki 1,024, na mara ya mwisho ilirudi mwezi Aprili 2019. Kifaa ambacho mtengenezaji wake aliacha kukitolea masasisho kabla ya hapo kinaweza kukuonyesha mahali sahihi na mwaka usio wake.

Basi nikabaki na viwili: Edge 540 na Elemnt Roam ya mwaka 2022. Vyote vina vitufe, barometa, masafa mawili, ramani inayopiga hesabu, USB-C. Edge inaishi muda mrefu zaidi, saa 26 kwa tangazo lao, na ina takwimu za mazoezi ambazo kocha angezipenda. Ila mimi sina kocha, na namba nazishiba ofisini. Roam ina skrini ya inchi 2.7, vile vitufe vya kukuza, na mpangilio wake wote unafanyika kwenye simu. Wapo wanaolichukia hilo la mwisho, wanataka kifaa kijitegemee. Kwangu ni baraka: maandishi madogo yote yanabaki mezani nyumbani, palipo na miwani. Nikachukua Roam.

Kuifunga nilikwenda kwa fundi kwa sababu usukani wa baiskeli hii ni wa kaboni, na kaboni haipendi kubanwa kwa hasira. Kishikizo kinachochomoza mbele kinakumbatia usukani palipo nene, milimita 31.8. Ukiwa na usukani wa zamani wa 25.4, tafuta kipande cha kujazia, na kama usukani wako ni ule bapa wa kisasa, uulizie kishikizo chake maalumu kabla hujalipia kompyuta. Fundi alinipa spana ndogo ya pembe sita nijaribu mwenyewe, na nilipoanza kukaza kwa kiwiko akanishika mkono. "Mama, hiyo siyo nati ya gari." Kiwango kimeandikwa kwenye kishikizo chenyewe, herufi ndogo ajabu, kwa nyutoni mita, akaweka spana yake ya kupimia, akazungusha mpaka ikalia ka!, basi. Kompyuta unaiingiza ikiwa imelala upande, unaizungusha robo mzunguko, inajifunga. Kumbuka kwamba kishikizo cha Garmin na cha Wahoo vinafanana kwa mbali lakini havilingani. Usirithi cha rafiki bila kukijaribu. Na ile kamba nyembamba ya usalama inayokuja kwenye boksi, watu huitupa. Ifunge.

Vihisi sikununua vingi. Mkanda wa kifuani wa mapigo ya moyo ninao tangu zamani, unatuma kwa Bluetooth na kwa ANT+, ile njia ya redio ya vifaa vya mazoezi, ukaunganika bila maneno. Kihisi cha kasi kwenye habu ya nyuma nilikiongeza, maana chini ya miti minene na kwenye kona za kujikunja GPS hukata pembe na kukuibia mita. Kihisi kinahesabu mizunguko halisi, na siku hizi kompyuta inajipigia yenyewe hesabu ya mzingo. Kipima nguvu cha wati sikukitaka. Najua nguvu zangu zilivyo.

Faragha iliniuma kichwa kidogo. Rekodi za safari zinaonyesha unapolala. Mwaka 2018 watu waligundua kwamba ramani ya dunia iliyochapishwa na Strava, mtandao wa kurekodi na kushirikishana mazoezi, iliyojumlisha safari za watumiaji wao, ilikuwa imechora waziwazi njia za ndani ya kambi za kijeshi. Mimi si jeshi, lakini mwanzo na mwisho wa kila safari yangu nimeuficha kwenye mipangilio. Nahifadhi pia faili zangu mwenyewe. Julai 2020 huduma za mtandaoni za Garmin ziliposhambuliwa na kukatika kwa siku kadhaa, waliojua kuchomeka waya na kutoa faili za FIT kwa mkono waliendelea na maisha.

Kurasa zangu ni tatu. Wa kwanza: mwendokasi, umbali, saa ya ukutani. Wa pili: ramani, na kisanduku kimoja tu cha umbali hadi kona. Wa tatu: mlima. Mapigo ya moyo yanarekodiwa lakini siyaoneshi. Nikiyaona yanapanda zaidi.

Kilichobaki kuamua ni rada. Ile ya Garmin iitwayo Varia inakaa nyuma chini ya tandiko, inahisi magari kutoka mita 140, na kompyuta inayachora kama nukta zinazopanda ukingoni mwa skrini. Kwa vile inatumia ANT+, Roam inaipokea. Naitaka. Lakini chini ya tandiko langu kuna mkoba wenye tyubu ya akiba, viraka na pampu, na mkoba ungeiziba. Itabidi uhamie ndani ya pembetatu ya fremu, ambako sasa hivi kuna chupa mbili za maji, na fremu yangu ni ndogo. Mwenye baiskeli ya kimo kifupi aliyefanikiwa kuvipanga vyote hivyo anieleze alivyofanya.